Pedali ilipokuwa jiwe: kisa cha busta ya pikapu yetu hapa Malindi

Alhamisi moja katikati ya msimu wa maembe, shemeji alinipigia simu kutoka Mambrui. Alikuwa ametoka Marafa na makreti ya ngowe, na alipofika kwenye matuta akakanyaga breki kama anavyokanyaga kila siku. Gari halikupunguza mwendo. "Shemeji, pedali imekuwa jiwe," akaniambia, sauti bado inamtetema. "Haizami, haishuki. Nakanyaga na gari linakwenda tu. Nimelisimamisha kwa gia na breki ya mkono."

Neno hilo, jiwe, ndilo lililonipa pa kuanzia. Breki zikikataa, la kwanza kumuuliza dereva ni mguu wake umesikia nini. Pedali inayozama mpaka sakafuni, au inayobonyea kama sifongo, inaleta habari za mafuta ya breki: yamevuja, au mna upepo kwenye paipu. Pedali iliyokaza na kubaki juu, gari lisisimame mpaka ukanyage kwa nguvu zako zote, inaleta habari nyingine kabisa. Mafuta yapo, paipu ni nzima, ila msaada umeondoka. Msaada huo ndio kazi ya busta.

Nilipanda bodaboda nikamkuta amekaa kivulini, gari amelitilia mawe mbele ya magurudumu. Tulihamishia makreti kwenye gari la jirani aliyekuwa akirudi mjini. Nikajaribu breki pale pale, mwendo wa mtu anayetembea: kwa miguu miwili na mgongo umeegemea kiti, gari lilisimama. Nikalirudisha tupu, gia ya pili, breki ya mkono mkononi, mpaka tukavuka daraja la Sabaki na kufika nyumbani Maweni. Leo nisingelifanya hivyo. Ningetafuta gari la kuvuta kwa chuma, kwa sababu pale darajani njia inateremka, na mtoto akikatiza mbele yako hakuna nafasi ya kukusanya miguu miwili.

Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L, lita 2.8, tunayoimiliki nusu kwa nusu. Kabla ya kufika kwetu lilifanya kazi miaka mingi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Limekula chumvi kweli, na kila nati iliyo chini yake inakuonyesha hivyo.

Kwa asiyeijua busta: fungua boneti, utazame upande wa dereva, kwenye ukuta unaoitenga injini na dashibodi. Lile bakuli kubwa jeusi la bati ndiyo busta. Mbele yake imefungwa masta silinda, inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, yenye kikopo cha mafuta ya breki juu yake. Ndani ya bakuli mna kiwambo cha mpira, kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, kinachogawa nafasi kuwa vyumba viwili. Injini ikiunguruma, hewa inanyonywa kutoka vyumba vyote viwili, na kiwambo kinatulia. Ukikanyaga pedali, vali iliyo kwenye rodi inafunga njia kati ya vyumba hivyo na kuiingiza hewa ya nje kwenye chumba cha nyuma, upande wa dereva. Mbele ombwe, nyuma hewa. Kiwambo kinasukumwa mbele pamoja na rodi inayoisukuma pistoni ya masta.

Nguvu hiyo si ndogo. Chukua kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 23. Eneo lake ni kama sentimita 415 za mraba. Ombwe la milimita 500 za zebaki linaiacha hewa ya nje isukume kwa karibu gramu 680 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha, upate takriban kilo 280. Ndiyo sababu mguu mwepesi wa mtu mwenye ndara unaweza kusimamisha tani mbili na zaidi. Sisi wa pwani tunapata msaada kamili, kwa kuwa hewa ya usawa wa bahari ndiyo nzito. Gari hilohilo likipanda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, hewa inayosukuma kiwambo inakuwa nyepesi.

Na ombwe linatoka wapi? Gari la petroli hulipata kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kwa sababu kuna kifuniko kinachoibana hewa. Dizeli kama hii yetu haina kifuniko hicho, kwa hiyo imepewa pampu yake ya vakyumu, yaani ya kutengeneza ombwe. Kwenye injini hizi za L, pampu imeshikizwa nyuma ya alteneta na inazunguka nayo, ikilainishwa na oili ya injini kwa paipu nyembamba. Maana yake ni kwamba mkanda wa alteneta ukikatika, taa ya betri inawaka na msaada wa breki unaondoka pamoja. Madereva wengi wanaiogopa taa hiyo kwa ajili ya betri tu. Vilevile anayezima injini kwenye mteremko ili kuokoa dizeli ajue amebakiza mikanyago miwili mitatu yenye msaada, ile iliyohifadhiwa ndani ya bakuli. Baada ya hapo pedali inakuwa jiwe.

Sasa niirudie miezi mitatu ya nyuma, maana kisa hiki hakikuanza Mambrui.

Tulikuwa tumeweka breki pedi mpya mbele na breki shuu mpya nyuma. Wiki kadhaa baadaye shemeji akaniambia mafuta ya breki yamepungua, ameongeza. Mwezi uliofuata akaongeza tena. Nilisikia na sikulitilia maanani. Mafuta ya breki hushuka polepole pedi zinapolika, kwa sababu pistoni za kalipa zinasogea nje na mafuta yanajaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Lakini pedi zetu zilikuwa mpya! Hapakuwa na sababu ya mafuta kushuka, na chini ya magurudumu hapakuwa na tone. Kisha pedali ikaanza kuwa nzito. Fundi mmoja akatuambia pedi tulizoweka ni ngumu, akazitoa, akazipiga msasa, akazirudisha. Siku mbili tatu tuliona kama kuna nafuu. Pedi zilizong'aa kweli hupunguza breki, ila hapo pedali hubaki laini na msaada upo. Ni gari tu linalochelewa kusimama. Yetu ilikuwa inakaza, na tofauti hiyo hatukuitaja kwa fundi, naye hakuuliza.

Ijumaa baada ya sala nilimwendea ami, jirani yetu, aliyefanya kazi ya ufundi wa malori tangu ujana wake. Alikuja na fimbo yake, akasimama pembeni ya gari.

"Umelisikiliza, mwanangu?"

"Bado, ami. Nataka kuagiza busta Mombasa."

"Usinunue kitu kabla gari halijasema. Mwambie huyo mtoto azime redio, kisha ingia ndani."

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Injini ikiwa imezimwa, nilikanyaga pedali mara sita mpaka ikakaza, ili kumaliza ombwe lolote lililobaki. Nikauacha mguu pale pale, umekaza kiasi, nikawasha injini. Busta nzima huivuta pedali ishuke kidogo chini ya mguu, kama mtu aliyekushika kiganja akakuvuta kwa upole. Yetu haikusogea hata kidogo.

Kipimo cha pili kwa kawaida ni kuzima injini baada ya dakika moja au mbili, kisha kukanyaga taratibu mara tatu: wa kwanza uzame zaidi, wa pili na wa tatu upande juu. Kwetu mikanyago yote mitatu ilikuwa sawa. Ombwe lilikuwa halikai.

Halafu tukasikiliza. Nikiwa nimekanyaga, injini inanguruma polepole, shemeji aliinamisha kichwa chini ya dashibodi. Mvumo mfupi wa hewa wakati wa kukanyaga ni wa kawaida, ndiyo hewa inayoingia chumba cha nyuma. Huu haukuwa mfupi. Nilishikilia pedali bila kuisogeza, na hewa iliendelea, sssss, kama tairi lenye msumari. Kwenye gari la petroli ungesikia pia injini ikiyumba kwa sababu ya hewa hiyo. Dizeli haikuonyeshi kitu.

Mtu angesema basi, busta imekufa. Ami alikataa. Busta yenye njaa na busta iliyopasuka zote zinaleta pedali ngumu, akasema, na kabla ya kuihukumu lazima ujue kama inalishwa. Tukachomoa mpira mnene unaotoka kwenye pampu, nikauziba mdomo wake kwa kidole gumba. Ulikishika kidole mpaka ukaacha duara jekundu. Jirani mwenye gereji ndogo alituazima geji ya kupimia vakyumu: inchi 25 za zebaki, injini ikiwa polepole tu. Pampu ilikuwa nzima na mkanda umekaza. Mpira nao ulikuwa wa aina inayotakiwa, mnene wenye nyuzi ndani. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakiweka mpira wa dizeli mahali pake. Ukipata joto unanyonywa ukajibana, na gari linapoteza breki huku kila kitu kikionekana kizima. Vali ya njia moja, inayozuia hewa isirudi kwenye busta, nikaipuliza: upande mmoja ilipitisha, upande wa pili ilikataa. Ndivyo itakiwavyo.

Kwa hiyo busta inalishwa na haihifadhi. Hapo ndipo nilipotaka kuishia, na hapo ndipo ami aliposema jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko busta yenyewe.

"Na hayo mafuta yaliyopotea, yako wapi?"

Nikanyamaza. Alichukua waya, akaufunga kitambaa cheupe nchani, akanipa. Niliuingiza kupitia tundu la vali, nikaukunja kuelekea chini ya bakuli. Ulipotoka, kitambaa kilikuwa kimelowa, rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, na harufu ile kali ya utamu inayokaa kooni. Harufu hiyo haifanani na oili wala dizeli. Nikachukua bomba la sindano na mrija mwembamba, nikanyonya. Likajaa, nikamwaga kwenye kopo, likajaa tena. Tulipata karibu nusu kikombe.

Mambo yalikuwa hivi. Pistoni ya masta ina raba kadhaa. Za mbele ndizo zinazosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu. Iliyo nyuma kabisa kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke kwa upande wa busta. Raba hiyo ya nyuma ikichoka, za mbele zinaendelea na kazi yake, pedali haizami, na dereva haoni chochote. Mafuta yanapita nyuma kidogo kidogo, na ombwe la busta linayavuta. Ndiyo maana hapakuwa na tone chini. Gari lilikuwa linayanywa. Nayo mafuta ya breki, yakikaa juu ya kiwambo ambacho hakikuundwa kuvumilia kemikali hiyo, yanakivimbisha na kukilegeza mpaka kinachanika.

Tukiyaita mafuta tunajidanganya kidogo, kwa sababu si mafuta hata kidogo. Nimewahi kuona mtu akiongeza oili ya stelingi kwenye kikopo cha breki kwa kuwa yote ni mafuta. Raba zote za mfumo zilivimba, ikabidi zitolewe moja baada ya moja.

Jambo jingine la dizeli: pampu ya vakyumu humwaga inachonyonya ndani ya injini. Mafuta ya breki yaliyokuwa yakivutwa kutoka kwenye busta huenda yakaishia kwenye oili. Nilibadilisha oili na filta siku hiyohiyo, ingawa muda wake ulikuwa haujafika.

Kwa hiyo hesabu ya spea ilibadilika. Kubadilisha busta peke yake kungekuwa kuilisha busta mpya sumu ileile. Tulihitaji masta pia. Unaweza kununua raba tu, lakini baada ya kuifungua yetu nilipitisha ukucha ndani ya silinda, nikasikia vishimo vya kutu. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na huku kwetu unyevu hautafutwi. Ukucha ukikwama, raba mpya zitakatwa na vishimo hivyo baada ya muda mfupi. Basi masta tuliagiza mpya na busta ya mtumba, zote zikaja na basi kutoka Mombasa, kilomita 120 hivi. Tulipatana na muuzaji kwamba isiposhika vakyumu tunairudisha. Kabla ya kulipa niliitikisa nisikie kama mna kitu kinachochezacheza, nikaingiza kitambaa kikatoka kikavu, nikatazama mpira wa vumbi wa nyuma na kutu kwenye mshono wa bati.

Kuitoa ya zamani kulituchukua asubuhi nzima. Usiku wa kuamkia tulikuwa tumezilowesha nati za paipu kwa oili ya kulegezea kutu. Zinatumia spana namba 10, na nakuomba usitumie ile ya mdomo wazi. Tumia spana ya paipu, inayoikumbatia nati karibu pande zote, kwa sababu nati hizi ni laini na zikishakula kona hutazifungua tena. Moja ilishikana na paipu, na nilipozungusha niliona paipu yenyewe inaanza kujipinda. Nikaacha. Nikaikaza kidogo kwanza, nikailegeza kidogo, nikaikaza, nikailegeza, oili juu, kwa muda wa sigara mbili za jirani aliyekuwa akitazama, mpaka ikaanza kuzunguka peke yake. Paipu ikivunjika hapo, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Kabla ya kulegeza chochote nilikuwa nimenyonya mafuta yote kwenye kikopo na kutandika matambara chini. Tone likianguka kwenye rangi ya gari, limwagie maji mara moja, usilifute kwa kitambaa kikavu. Masta ilipotoka, uso wake wa nyuma ulikuwa unang'aa kwa unyevu. Nilimwita shemeji aje aone kwa macho yake yalikokuwa yanakwenda mafuta aliyoongeza kila mwezi.

Sehemu ngumu ni ya ndani. Unalala chali, mabega sakafuni, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya pedali. Pana pini inayounganisha rodi ya busta na pedali, imezuiwa na klipu. Ikumbuke imekaa upande gani. Halafu nati nne namba 12, mbili unaziona na mbili unazitafuta kwa vidole. Ya juu kulia haikufikiwa mpaka tulipounga soketi na kiungo kirefu kinachopinda. Busta ilipotoka niliinamisha tundu lake juu ya kopo, na pamoja na maji ya rangi ya chai zikashuka chembe za kutu, nyembamba kama magamba ya samaki. Shemeji alitaka tuipasue tuone mchaniko. Ami alimkataza: ndani mna springi iliyobanwa, na bati likifunguka ghafla linaweza kumtoa mtu jicho.

Kuifunga ile ya mtumba ni njia ileile kwa kurudi nyuma, na gaskiti mpya ukutani ili maji yasiingie ndani. Masta mpya niliijaza mafuta ya DOT 3 ikiwa mkononi kwanza, nikaisukuma pistoni polepole mpaka mapovu yakakoma, ndipo nikaifunga. Halafu tukatoa upepo kwenye magurudumu, tukianza na lililo mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, ile vali ya mzigo iliyo juu ya ekseli ya nyuma, inayorekebisha breki za nyuma kulingana na mzigo, kisha mbele kushoto, na mbele kulia mwisho.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shika hapo. Usiachie." Nafungua nipo, kile kichuchu cha kutolea upepo, mafuta yanatoka na povu kwenye mrija, nafunga. "Achia, shemeji, pole pole."

Lita nzima ilikwisha. Tulitumia chupa iliyofungwa kiwandani, kwa sababu chupa iliyokaa wazi imeshafyonza maji. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi; ikishanywa unyevu wake inaweza kuchemka kwenye 140, na mafuta yanayochemka yanakuletea mvuke kwenye paipu na pedali inayozama.

Tukarudia vipimo. Nikakanyaga, nikawasha, na pedali ikashuka chini ya mguu wangu, taratibu, kama inavyopaswa. Nikaishika na kuzima injini, nikahesabu sekunde thelathini. Haikupanda wala haikushuka. Hakuna mvumo. Nilidhani tumemaliza.

Nilitoka kwenda Casuarina na kurudi, polepole, barabara ikiwa tupu. Breki zilishika vizuri. Kurudi, gari likaanza kuwa zito, nikiachia eksileta linapunguza mwendo upesi kuliko kawaida. Nilipofika nyumbani pua ilinusa pedi, na tone la maji kwenye rimu ya mbele lilitoa mvuke papo hapo. Tukapiga jeki. Gurudumu halikuzunguka kwa mkono.

Breki zinazoshika zenyewe baada ya kazi kama hii zina washukiwa wawili wakubwa. Huenda mpira wa breki ulio karibu na gurudumu umeziba kwa ndani, au rodi ya busta ni ndefu na haiiachi pistoni ya masta irudi mpaka mwisho. Pistoni isiporudi mwisho, haikifungui kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo. Mafuta yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kwenda, yanabana pedi, pedi zinazidisha joto. Ukiendelea kuendesha, gari litasimama lenyewe barabarani, au pedi zitaungua.

Kipimo cha kutenganisha hao wawili ni chepesi sana hata nashangaa hakisemwi. Gurudumu likiwa juu na limeshika, nililegeza nati mbili zinazoishikilia masta kwenye busta zamu mbili tatu, masta ikasogea mbele kwa upana wa nywele chache. Gurudumu likaachia pale pale. Shemeji alilizungusha kwa kidole. Kama tatizo lingekuwa mpira wa gurudumu, kulegeza masta kusingebadilisha kitu.

Tukatoa masta tena. Nililaza rula juu ya uso wa busta, nikapima urefu wa ncha ya rodi kwa veniya, kipimio cha milimita ndogo ndogo, ile ya mtumba na ile yetu ya zamani iliyokuwa bado kwenye kopo. Ya mtumba ilikuwa ndefu kwa milimita moja na nusu. Labda ilitoka kwenye gari lenye masta ya aina nyingine. Bakuli zinafanana kwa nje, tundu za boliti zinaingia, na muuzaji hana kosa la kuonekana kwa macho. Ilinipasa kupima kabla ya kuifunga, na kwa kutopima nililipa kazi nzima ya kutoa upepo mara ya pili.

Ncha ya rodi ina uzi. Nilishika shina kwa koleo, nikaizungusha ncha ndani kidogo kidogo. Kuhakikisha, tuliazima donge la udongo wa kuchezea watoto, tukalibandika ndani ya shimo la pistoni, tukafunga masta na gaskiti yake, tukaifungua. Donge lilikuwa limebanwa likabaki jembamba kama karatasi mbili tatu. Nafasi hiyo ndiyo unayoitaka. Lingebanwa mpaka chuma kikaonekana, rodi ingekuwa bado ndefu. Lingebaki nene, pedali ingepoteza safari yake ya juu bila kazi, na dereva angeona breki zinashika chini mno.

Niseme wazi kazi hii ni ya gari gani. Ni ya busta ya vakyumu, bakuli lililo mbele ya dereva. Baadhi ya malori madogo yanaficha busta yake chini ya chesisi, na utoaji upepo wake una taratibu zake. Baadhi ya Prado na magari mapya yana pampu ya umeme inayohifadhi mafuta kwa shinikizo kubwa sana. Hayo usiyalegeze paipu nyumbani. Lori kubwa lenye breki za upepo lina springi kwenye vyungu vya nyuma zinazoweza kuua. Na hata kwa pikapu kama yetu, kama huna mtu wa kukanyaga pedali anayekusikiliza neno kwa neno, subiri mpaka umpate.

Safari ya pili ya kujaribu nilikwenda mpaka Mambrui, kwenye matuta yaleyale, nikiwa na mawe ya timbo nyuma badala ya maembe. Nilisimama kila baada ya kilomita chache na kugusa rimu kwa kiganja. Vuguvugu, zote nne.

Siku ile nilibandika utepe mweupe ubavuni mwa kikopo cha mafuta ya breki, nikachora mstari mwembamba kwa kalamu usawa wa mafuta, na tarehe pembeni. Maembe yamekwisha, sasa gari linabeba madafu. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga, shemeji hufungua boneti na kuinama juu ya utepe ule. Hii ni wiki ya tisa, na juzi alinipigia simu tena akiwa safarini, akasema, "Shemeji, mstari uko palepale."